Bia ya Kopo: Lawama Zinazolikuta Kopo Bure

Kopo moja la shira ya kimea lina kilo 1.7. Ukiongeza kilo moja ya sukari, maji na hamira, unapata lita 23 za bia. Hivyo ndivyo vipimo vya makopo ya Coopers, kiwanda kilichoanzishwa na Thomas Cooper mjini Adelaide, Australia, mwaka 1862, na makopo ya watengenezaji wengine hayako mbali na hapo. Waaustralia na Waingereza wengi wanaotengeneza bia nyumbani walianza na kopo kama hilo. Wengi pia waliishia hapohapo: bia ya kwanza ilitoka mbaya, wakaambiwa ndivyo bia ya kopo ilivyo, wakaitupa ndoo stoo. Mimi nasema kopo linasingiziwa. Makosa mengi hutokea baada ya kulifungua.

"Hiyo si bia, ni kemikali za kukoroga"

Ukweli ni kwamba ndani ya kopo mna shayiri, maji na hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu. Shayiri imeoteshwa ikawa kimea, ikakaushwa, ikasagwa na kulowekwa kwenye maji moto mpaka wanga wake ukageuka sukari. Maji yake yamechujwa na kuchemshwa, na uchungu wa hopsi umeingizwa. Kisha yamepunguzwa katika mashine zenye mgandamizo mdogo wa hewa, ili yawe mazito bila kuungua. Anayeijua mbege ya Kilimanjaro hatashangaa: kule kimea ni cha ulezi, na uchungu hutoka kwenye gome la msesewe. Kiwanda kimekufanyia kazi ya jikoni. Kuchachusha, yaani hatua inayoyageuza maji matamu kuwa bia, kumebaki kwako.

"Pombe ya nyumbani inapofusha"

Siicheki hofu hii, kwa sababu ina makaburi nyuma yake. Mwezi Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru jijini Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa kunywa pombe yenye methanoli, na wengine walipoteza macho. Maafa ya namna hiyo yametokea tena Kenya miaka iliyofuata. Lakini methanoli inayoua namna hiyo ni ya viwandani, na hutiwa kwenye pombe na mtu anayetaka iwe kali kwa gharama ndogo. Hamira ikila sukari ya shayiri hutoa ethanoli, ambayo ndiyo pombe ya kawaida, na gesi ya kaboni dioksidi. Methanoli inayopatikana humo ni kidogo mno, kwa kuwa hutokana hasa na pektini ya matunda. Vijidudu vya magonjwa navyo havistawi katika bia, maana ina asidi, pombe na hopsi. Ukikosea, utapata bia chachu au yenye harufu mbaya, utaimwaga, basi.

Hapa nazungumzia bia tu. Kuichemsha na kukusanya mvuke wake ili upate gongo ni jambo jingine lenye hatari zake, na katika nchi nyingi ni kosa la jinai.

"Ladha ya siki na tufaha inaletwa na sukari"

Hii ndiyo dhana iliyoharibu bia nyingi kuliko zote, kwa sababu inamfanya mtu ahangaike na sukari huku tatizo likiwa kwingine. Watawa wa Ubelgiji hutia sukari kwenye bia zao kali za rangi ya dhahabu, na bia hizo zinaheshimiwa dunia nzima. Ni kweli kwamba sukari nyingi hufanya bia iwe nyepesi mdomoni, kwa kuwa yote huliwa na hamira na haiachi kitu. Ndiyo maana ni vizuri kubadilisha nusu yake, au yote, kwa shira ya kimea iliyokaushwa ikawa unga. Lakini ladha ile mbaya mara nyingi inatokana na mambo matatu: joto, hamira chache au iliyochoka, na kopo lililokaa sana dukani. Shira inapozeeka huwa nyeusi na huanza kuonja kama wino, kwa hiyo soma tarehe kabla hujalipa.

Joto linahitaji maelezo zaidi. Hamira nyingi za bia aina ya eli (ale), ile inayochachushwa bila kuhitaji baridi kali, hupenda nyuzi 18 hadi 22. Maelekezo kwenye makopo mengi huruhusu zaidi ya hapo, kwani mtengenezaji anataka hamira ifanye kazi hata kama mnunuzi hana pa kupoozea. Isitoshe, hamira ikiwa kazini huzalisha joto lake, kiasi kwamba chumba cha nyuzi 24 kinaweza kuwa na ndoo ya nyuzi 27 au 28. Hapo ndipo bia hunukia ndizi na dawa ya kuyeyushia rangi ya kupaka. Weka ndoo ndani ya beseni la maji, uifunike fulana iliyolowa, na uwe unabadilisha chupa za barafu. Siku tatu za kwanza ndizo zinazoamua ladha.

Na kwa mtu wa pwani ambaye chumba chake hakishuki chini ya nyuzi 28, zipo hamira za mashambani kutoka magharibi ya Norway ziitwazo kveik, zinazofanya kazi kati ya nyuzi 30 na 40 bila kuharibu ladha. Siku hizi zinauzwa zikiwa kavu kwenye pakiti. Ningependa kila anayeishi kwenye joto azijue.

"Mapovu yakikoma, bia imeiva"

Mapovu ya gesi inayotoka kwenye ndoo yanaweza kukoma kwa sababu kifuniko kinavuja, au kuendelea kwa sababu tu chumba kimepata joto na gesi iliyobaki inatoka. Kinachosema kweli ni haidromita, kifaa kinachopima uzito wa bia ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000. Bia ya kopo huanzia karibu 1.040 na kushuka hadi karibu 1.010, ambapo pombe yake inakaribia asilimia 4. Kipimo kikibaki palepale siku mbili au tatu mfululizo, imeiva. Wape hamira wiki mbili, hata kama karatasi ya maelekezo inasema siku sita.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu wameumia. Ukijaza chupa mapema, sukari iliyobaki huendelea kuliwa ndani ya chupa iliyozibwa, na kioo hupasuka kwa nguvu. Ili bia iliyoiva ipate gesi ya kawaida, gramu 6 hadi 8 za sukari kwa lita, zikitiwa wakati wa kujaza chupa, zinatosha. Tumia chupa zilizotengenezwa kwa ajili ya bia, au za plastiki, ambazo ukizibonyeza unajua gesi imefika wapi.

"Kuosha kwa sabuni kunatosha"

Sabuni huondoa uchafu, haiui vijidudu vinavyochachua bia. Baada ya kuosha, tumia dawa ya kutakasa vyombo inayouzwa kwa watengeneza bia. Jiki ikibaki kwenye ndoo, klorini yake hukutana na vitu vilivyomo kwenye kimea na kuleta harufu ya dawa za hospitali.

Machache ya haraka. Mashapo chini ya chupa si uchafu, ni hamira iliyolala baada ya kutia gesi. Mimina polepole yabaki. Neno "lager" kwenye lebo halimaanishi hamira ya lager, ile inayofanya kazi kwenye baridi, imo, kwani makopo mengi huletwa na hamira ya eli. Na chupa nyeupe au ya kijani ikiachwa juani, mwanga hugeuza viungo vya hopsi kuwa harufu ya kicheche. Chupa ya kahawia inaikinga vizuri zaidi.

"Kutengeneza bia nyumbani ni haramu kisheria"

Inategemea uko wapi. Uingereza ilidai leseni mpaka mwaka 1963, Waziri wa Fedha Reginald Maudling alipoifuta. Marekani, Rais Jimmy Carter alisaini ruhusa Oktoba 1978, lakini Alabama na Mississippi hazikuruhusu mpaka 2013. Ukiwa Afrika Mashariki au Ghuba, uliza sheria ya hapo ulipo kabla hujaagiza kopo. Na hata kule kulikoruhusiwa, ruhusa ni ya kunywa na jamaa na marafiki; ukiuza hata chupa moja bila leseni, umevunja sheria.