Je, wajua? Ubishi wa mwezi mwandamo ni mkongwe kuliko darubini

Mwaka mmoja nyumbani kwetu pilau ya Idi ilipikwa mara mbili. Kaka yangu mkubwa alifungua kwa habari kwamba mwezi umeandama Saudi Arabia, na yule anayemfuata akasubiri tangazo la hapa kwetu. Asubuhi ile sikuisahau. Mmoja ametoka na kanzu mpya kwenda kuswali Idi, mwenzake yumo ndani na saumu yake, wakakutana mlangoni, hakuna aliyempa mwenzake mkono. Kufunga siku ya Idi ni haramu, na kula mchana wa Ramadhani bila udhuru ni dhambi kubwa, kwa hiyo kila mmoja alimwona mwenzake yumo makosani. Hao ni watu waliokua kitanda kimoja.

Kwetu mwambao, kalenda yenyewe imefungwa kwenye usiku huo. Miezi tunaihesabu tangu kufungua: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, Mfungo Tatu ambao ndio wa hija. Ukikosea Idi, umekosea na inayofuata.

Mbona basi hatutumii hesabu, tukajua mapema, yakaisha? Jibu unalolisikia sana ni kwamba wako watu wa kale waliong'ang'ania jicho, na wako watu wa leo wanaotaka sayansi. Ukifungua vitabu unakuta mambo hayakukaa hivyo hata kidogo.

Tuanze na maneno yenyewe. Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wakubwa wa hadithi, amesema tufunge kwa kuuona mwezi na tufungue kwa kuuona, na tukizibiwa na mawingu tukamilishe siku thelathini. Riwaya nyingine, yaani upokezi mwingine wa hadithi hiyo, mahali pa "kamilisheni thelathini", ina neno moja: ukadirieni. Wanazuoni walio wengi walisema riwaya hufasiriana, na kukadiria maana yake ni hiyo hiyo thelathini. Lakini Ibn Surayj wa Baghdad, mmoja wa vigogo wa madhehebu ya Shafii, yale tunayoyafuata mwambao, alisema neno hilo linamhusu mjuzi wa vituo vya mwezi: yeye akadirie kwa elimu yake, na watu wa kawaida wakamilishe thelathini. Ibn Surayj alifariki mwaka 918. Darubini ilikuja miaka mia saba baadaye.

Hata wanaofuata jicho tu hawako kundi moja. Imepokewa na Muslim kwamba Kuraib alitumwa Sham (upande wa Syria ya leo), akauona mwezi huko usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina akamwambia Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, naye akamjibu kuwa wao wameuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na wataendelea kufunga mpaka watimize thelathini au wauone. Kuraib akamuuliza kama haumtoshi ule aliouona Muawiya, mtawala wa Sham. Akasema hapana, hivi ndivyo alivyotuamrisha Mtume. Imam Nawawi (alifariki 1277), ambaye kitabu chake cha fiqhi (sheria ya dini), Minhaj, kimesomeshwa katika darsa za pwani yetu vizazi na vizazi, aliona mwezi ulioonekana mji mmoja unaulazimu mji wa karibu na hauulazimu wa mbali, na kipimo cha umbali alichokiona sahihi zaidi ni kutofautiana kwa matlai, yaani mahali mwezi unapochomoza. Wengi katika madhehebu mengine walisema ukionekana popote, umewalazimu wote. Kwa hiyo kaka yangu mkubwa naye alikuwa na wazee wake. Tofauti ni kwamba zamani habari ya Sham ilifika Madina na msafiri wa ngamia, na leo inafika kwenye simu kabla hujamaliza kuswali Magharibi.

Tuje kwenye hesabu yenyewe. Mwezi huchukua wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44 tangu unapopita kati ya dunia na jua mpaka unaporudi hapo. Saa ya kupita watu wa falaki, elimu ya nyota na sayari, wanaijua hata kwa miaka mingi ijayo. Ila wakati huo mwezi hauonekani. Unahitaji saa nyingi ujitenge na jua, na ukiwa chini ya nyuzi 7 hivi kutoka kwenye jua, jicho halitauona. Baada ya hapo yanaingia mawingu, vumbi, ukungu na macho ya mtazamaji. Hesabu inajua kwa yakini kwamba mwezi umezaliwa, yaani umeshapita hapo kati ya dunia na jua. Kwamba wewe utauona, hapo inakisia tu, ingawa inakisia vizuri.

Aliyeutikisa mjadala karne iliyopita ni Ahmad Muhammad Shakir wa Misri, na hapa ndipo wengi hushangaa. Hakuwa mtu wa kupuuza hadithi. Alikuwa mtaalamu wa hadithi na kadhi, aliyeihakiki Musnad, mkusanyo wa hadithi wa Imam Ahmad. Mwaka 1939 aliandika kwamba hesabu inafaa kutegemewa, na hoja yake aliitoa ndani ya hadithi nyingine, sahihi vilevile: "Sisi ni umma usiojua kusoma, hatuandiki wala hatuhesabu." Akasema hiyo ndiyo sababu ya kuamrishwa kuona. Sababu ikiondoka, umma ukajua kuhesabu, hukumu iliyosimama juu yake nayo inaondoka. Mwaka 2006 Baraza la Fiqhi la Amerika ya Kaskazini lilipochukua njia ya hesabu, mlango huo ulikuwa umeshafunguliwa.

Wanaotaka hesabu wana hoja moja inayonipa kazi: saa za swala. Zamani muadhini alitazama kivuli cha kijiti kujua Adhuhuri imeingia. Leo anatazama jedwali lililobandikwa ukutani, na hakuna anayesema swala haikusihi. Iweje hesabu ifae kwa jua, isifae kwa mwezi?

Jibu lake lilikuwepo kabla swali halijawaka. Al-Qarafi, mwanazuoni wa Kimaliki aliyefariki Misri mwaka 1285, alisema kinachowajibisha Adhuhuri ni jua kupinduka lenyewe, kwa hiyo ukijua limepinduka kwa njia yoyote, yatosha. Kwenye saumu, sharia haikusema "mwezi ukitoka kwenye miale ya jua, fungeni". Imesema "kwa kuuona". Kuona kwenyewe ndiko sababu. Ubishi wote umesimama hapo: je, kuona ni ibada iliyokusudiwa, au ni njia tu ya kufikia jambo? Shakir anasema njia. Al-Qarafi anasema ndiko kunakowajibisha.

Mimi nimeegemea kwa al-Qarafi, kwa sababu amelisoma tamko lilivyo, ilhali Shakir analazimika kusema kwamba maelezo ya hali ya watu ndiyo sababu ya hukumu, na hilo halikutamkwa. Lakini simwiti Shakir mzushi, na nachukia nikisikia akiitwa hivyo. Amepita njia ile ile waliyopita wenzake: tamko, sababu, hukumu. Huyo hafanani na anayesema tu kwamba zama zimebadilika, basi na dini ibadilike.

Tena kuna kauli ya katikati ambayo ningetamani isikike zaidi. Taqiyuddin al-Subki, kadhi mkuu wa Kishafii wa Dameski aliyefariki 1355, alisema mtu akitoa ushahidi kuwa ameuona mwezi, na hesabu ya yakini inasema haiwezekani kuonekana, ushahidi wake unakataliwa. Hesabu ni yakini, na shahidi anaweza kukosea au kusema uongo. Jicho linabaki kuwa ndilo linaloandamisha mwezi, na hesabu inalilinda na kosa. Kauli hiyo ina karibu miaka mia saba.

Jioni ya tarehe 29, ukiwa Mombasa au Dar es Salaam, mwezi unautafuta ukiwa umeipa bahari mgongo, kwa sababu machweo yako bara. Pale Forodhani, Unguja, machweo yako majini mbele yako. Ramadhani iliyopita kaka zangu wote wawili walisimama hapo, na hesabu ilikuwa imesema siku hiyo unaweza kuonekana. Baada ya jua kuzama wakanyamaza robo saa nzima. Mdogo ndiye aliyeuona kwanza. Akanyoosha kidole, na mkubwa akainamisha kichwa usawa wa mkono ule mpaka naye akauona.