Tarakimu ya Kumi na Sita Siyo Kosa la Tafsiri

Wiki hii lalamiko lile lile limerudi. Mteja wa hapa Dar es Salaam, ambaye nilimgeuzia skripti ya MATLAB (lugha ya programu za hesabu) ya kukokotoa kina cha maji mtoni iwe msimbo wa lugha ya C kwa ajili ya kifaa kidogo cha kufungwa darajani, amelinganisha majibu ya pande mbili, akaona yanaachana kwenye tarakimu ya kumi na sita, akahitimisha kwamba nimekosea. Nimeshalieleza jambo hili kwa simu mara nyingi mno, kwa hiyo sasa naliandika.

Namba ya desimali yenye usahihi maradufu, kwa kiwango cha IEEE 754, ina biti 53 za tarakimu zake, na kila hatua ya hesabu hukadiriwa ili jibu litoshe humo. Ndiyo maana mpangilio wa kujumlisha una uzito: ukianza na 0.1 na 0.2, kisha ukaongeza 0.3, unapata 0.6000000000000001, ukianza na 0.2 na 0.3, kisha ukaongeza 0.1, unapata 0.6. MATLAB inaweza kujumlisha orodha ndefu kwa mafungu, ilhali kitanzi changu cha C hujumlisha moja baada ya nyingine. Tena GCC, programu inayogeuza msimbo wa C kuwa maagizo ya chipu, pale chipu inaporuhusu, huunganisha kuzidisha na kujumlisha kuwa hatua moja inayokadiriwa mara moja tu badala ya mbili, na jibu hilo kwa kawaida ndilo lililo karibu zaidi na ukweli. Unaweza kuizuia kwa chaguo la -ffp-contract=off, lakini utakuwa umelipia ufanano, si usahihi.

Makosa halisi ya tafsiri hayajifichi kwenye tarakimu ya mwisho. MATLAB ikijumlisha 200 na 100 katika uint8, aina ya namba kamili ya baiti moja kuanzia 0 hadi 255, hutoa 255, kwa sababu hukomea kwenye ukomo wa aina hiyo. C ikihifadhi jumla hiyo katika baiti moja hutoa 44. Namba kamili 7 ikigawanywa kwa 2, zote zikiwa int32 (namba kamili za biti 32), MATLAB hukadiria hadi 4, C hukata na kubaki na 3. Mod, yaani baki la kugawanya, ya -1 kwa 3 ni 2 kwenye MATLAB, na alama ya asilimia ya C, inayotafuta baki pia, hutoa -1. Faharasa za MATLAB zinazoanzia 1 na matriksi zake zinazohifadhiwa kwa safuwima kila mgeuzaji anazijua. Haya ndiyo ningependa wateja wanikabe nayo.

Lipo jambo moja linaloninyima raha. Skripti ikiuliza kama kina kimezidi mita 0.6, yale majumlisho mawili ya hapo juu yatajibu tofauti, moja ndiyo na jingine hapana, na tofauti isiyoonekana itakuwa imegeuka onyo. Kiwango cha uvumilivu ninachotumia katika majaribio, sehemu moja kwa bilioni, nimekizoea kuliko nilivyokithibitisha, na hakinilindi hata kidogo kwenye mpaka huo. Kwa hiyo nimemwomba mteja aache kunitumia majedwali ya tarakimu, anitumie vipimo ambavyo kwavyo onyo hutoka upande mmoja na kukosekana upande wa pili, kisha tukae pamoja tuamue onyo likishawaka kwenye 0.6, maji yashuke hadi wapi ndipo lizimwe.