Maji ya Malindi yakiwa moto, mvua yaja?

Mwezi wa Machi, kaskazi ikianza kulegea, nilitumbukiza ndoo baharini mbele ya Mayungu, nikaivuta upesi na kuiweka kwenye kivuli cha tanga. Kipimajoto kikasoma nyuzi 29.6. Upesi na kivuli vina sababu yake: ndoo ikipigwa na upepo, maji hutoa mvuke na kupoa, na kipimo kikatoka chini ya ukweli. Vipimo vingi vya meli za zamani, hasa vile vya ndoo za turubai, vina kasoro hiyo.

Nahodha aliyenichukua, ambaye mimi humwita ami, alitia mkono ndani ya ndoo. "Maji yamechemka, mwanangu. Masika haya yatakuwa makubwa."

"Inshallah, ami. Lakini joto hili peke yake halitoshi."

Hakunikubalia, na sehemu ya hoja yake ni kweli. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na hewa ikiongezeka nyuzi 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Maji yakivuka nyuzi 27 hivi, hewa iliyo juu yake hupata nguvu ya kupanda sana na kujenga yale mawingu meusi tunayoyaona yakisimama baharini alfajiri. Kwetu, maji huwa ya moto zaidi Machi na Aprili. Agosti, kusi ikiwa imeshika, hushuka hadi karibu nyuzi 25, maana upepo huo huyakoroga. Kule Somalia huyasukuma kabisa ya juu mbali na pwani, yakapanda ya chini yaliyo baridi.

Ila mvuke ni lazima ukusanywe mahali. Huku kwetu mvua haitegemei hewa ya baridi kugongana na ya joto, kama Ulaya. Inategemea pepo za kaskazini na za kusini kukutana: zikikutana hazina pa kwenda ila juu, na hapo ndipo ulipo ukanda wa mvua unaolifuata jua. Unapopita kwenda kaskazini twapata masika, unaporudi twapata vuli. Upepo ukiuchukua mvuke wetu kwenda kwingine, bahari itakuwa moto na shamba litakuwa kavu.

Ndivyo ilivyokuwa Machi 2019. Maji yalikuwa ya moto, watu wakatayarisha mashamba, kumbe kimbunga Idai kilikuwa kikizunguka baina ya Madagaska na Msumbiji kikiuvuta unyevu upande wake. Masika ya Kenya yakachelewa. Mwaka huohuo, vuli ikaleta mafuriko! Nafikiri hakuna mwaka unaofundisha jambo hili vizuri kuliko huo.

Vuli ya 2019 ilitokana na kitu kilicho mbali nasi. Kwa kawaida, upepo wa ikweta husukuma maji ya moto kuelekea Indonesia, na mvua nyingi hunyesha huko. Miaka mingine upepo huo hulegea au hugeuka. Maji ya Sumatra, kisiwa cha Indonesia, hupoa, yetu ya magharibi huongezeka joto, na hewa inayopanda huhamia kwetu. Wanasayansi walioieleza hali hii mwaka 1999 waliiita daipoli ya Bahari ya Hindi. Tunachopima ni tofauti ya joto kati ya pande mbili hizo: Oktoba 2019 ilipita nyuzi 2, ilhali hata nyuzi 0.4 zikidumu kwa wiki kadhaa hutufanya tukae macho. Mwaka 1961 na 1997 pia upande wetu ulizidi joto, na vuli ikafurika. Mwaka 2023, daipoli na El Niño zilikuja pamoja, na barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatwa na maji. Mwaka 2022 mambo yalikuwa kinyume: Sumatra ilikuwa moto, na vuli ikakosekana juu ya ukame uliokuwa umeshawamaliza wafugaji wa Tana River.

Kwa hiyo Septemba, kabla ya matlai, natazama kwanza ramani ya maji ya Sumatra, kisha ya kwetu. Ndoo yangu hainiambii habari za huko. Setilaiti na maboya ndivyo vinavyoniambia.

Masika ndiyo yanayonitesa. Daipoli huwa bado haijajengeka, na mvua hufuata mawimbi ya hewa yanayoizunguka ikweta kwa siku 30 hadi 60, pamoja na vimbunga visivyojulikana hadi vizaliwe. Nayachukia sana matangazo yanayotaja masika makubwa mwezi wa Januari kana kwamba yameshaonekana, kwa sababu kuna mtu huuza mbuzi anunue mbegu kwa kuyaamini. Mkulima wa Mpeketoni akiniuliza mapema kuhusu vuli, naweza kumjibu mwezi mmoja au miwili kabla. Akiniuliza kuhusu masika, nampa siku kumi, halafu namwomba anipigie tena.