Cambridge haikuitwa kwa jina la mto Cam, jamani

Natembeza wageni hapa Cambridge, Uingereza, na hakipiti kikundi bila mtu kusimama pale darajani akaanza kuwaelezea wenzake: "mto unaitwa Cam, bridge ni daraja, basi ndio Cambridge". Wengine wakavuta simu kabisa wanionyeshe ramani. Jamani hapana, ni kinyume chake, mto ndio umechukua jina kutoka kwa mji!

Huu mto zamani uliitwa Granta, na kule juu unakotoka mpaka leo watu wanauita hivyo hivyo. Mwaka 875 jeshi la Wadenmaki lilipiga kambi hapa mwaka mzima, na tarikh ya Waanglo-Saksoni, Waingereza wa kale, imeandika Grantebrycge, yaani daraja la Granta. 1086 makarani wa William Mshindi, mfalme Mnormani aliyeiteka Uingereza, wanaandika Grentebrige. Cam iko wapi hapo? Haipo. Ila ndimi za Wanormani hazikupatana na hiyo Gr ya mwanzoni, r ikadondoka, g ikawa k (iliyoandikwa c), tukapata Cantebrigge, na mshairi Chaucer karne ya 14 anaijua hivyo, halafu t nayo ikamezwa ikabaki n imegusana na b, na sisi Waswahili tunajua vizuri n ikikutana na b inakuwaje, ndio maana tunasema nyumba mbaya na sio nyumba nbaya. Ikawa Cambrigge, mwisho Cambridge. Hapo ndipo watu waliosahau Granta wakaona kama mji ni Cambridge basi mto lazima uwe Cam, na kufika karne ya 16 na 17 wasomi wakaliingiza jina vitabuni.

Ushahidi mwingine uko kwenye vyeti. Mhitimu wa chuo kikuu cha hapa anaandika Cantab baada ya digrii yake, kifupi cha Cantabrigiensis, Kilatini kilichoshika lile jina kabla t haijapotea. Na Chelmsford yaliwapata hayo hayo, maana yake kivuko cha bwana mmoja Ceolmær, ila mto wakauita Chelmer kutokana na mji. Kwa hiyo ukitaka asili ya jina anza na maandishi ya zamani kuliko yote unayoweza kupata, ramani ya leo iache kwanza, nasema hili kila siku.

Eti wale makarani hawakujua spelling? Spelling gani, wakati haikuwepo iliyokubaliwa! Mtu aliandika alichosikia na ndio faida yetu, tunasikia sauti zao.

Eti Waroma waliuita mji huu Camboritum? Wasomi wa zamani walilibandika hapa kwa kufanana sauti tu, jina la Kiroma linalokubalika ni Duroliponte.

Na kile kijiji jirani cha Grantchester sio Grantacaestir anayoitaja Bede, mtawa aliyeandika historia ya Waingereza karne ya 8. Bede alikuwa anasema magofu ya Kiroma ya hapa hapa Cambridge, kijiji chenyewe mwaka 1086 kiliandikwa Grantesete, yaani watu waliokaa kando ya Granta.