Msisimko wa neva: kwa nini maumivu ya uso hutibiwa kwa dawa ya kifafa

Upepo mkavu wa Julai ukishika kasi hapa Dodoma, usishangae kumwona mama sokoni Majengo amejitanda kanga hadi shavuni. Huenda si baridi. Kuna watu ambao upepo ukiwagusa tu, upande mmoja wa uso unapigwa kama na shoti ya umeme: sekunde chache, inaachia, inarudi. Kutafuna, kupiga mswaki, hata kuitikia salamu kunatosha kuiamsha. Wengine hung'olewa jino, kisha la pili, na maumivu yako palepale. Panadol haifui dafu. Siku daktari akiandika kabamazepini, nyumbani wanaguna: "Hii si dawa ya kifafa?"

Ndiyo, ni ya kifafa, na mgonjwa hana kifafa. Maradhi haya mawili yanakutana kwenye msisimko wa neva, yaani wepesi wa neva kurusha ishara inapochokozwa.

Neva inayobeba hisia za uso, ya tano katika jozi 12 za neva za kichwa, huingia kwenye shina la ubongo. Nyuzi zake za maumivu hushuka humo hadi karibu na shingo, zikakabidhi ishara kwa seli za kuipandisha juu. Mara nyingi mshipa wa damu huikandamiza neva hiyo pale inapoingilia. Ganda lake linachubuka, mithili ya waya uliovuliwa plastiki, na ishara ya mguso mdogo inarukia nyuzi za maumivu.

Ishara hiyo huzaliwa sodiamu inapoingia ndani ya neva kupitia vilango vidogo mno. Kilango kikishafunguka hujibana, kikatulia kidogo kabla ya kuwa tayari tena. Kabamazepini hukishika hapo kilipojibana, ikakichelewesha. Uzuri wake ndio huu: neva inayorusha ishara polepole haisumbuliwi sana, inayorusha mfululizo ndiyo inayobanwa. Nzi akitua shavuni bado utamhisi.

Fenitoini, nayo ya kifafa, ilitumika kwa maumivu haya Ufaransa mwaka 1942. Kabamazepini ikafuata 1962 huko Uswidi.

Dozi huanza ndogo, maana kizunguzungu na usingizi vipo. Vipele vikitokea, wahi hospitali siku hiyohiyo. Na kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango au ARV, mwambie daktari kabla hajaandika: kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo na ya baadhi ya ARV.