B-2 moja haikununuliwa kwa dola bilioni 2

Kwa miaka mingi imerudiwa kwamba Marekani ilinunua kila ndege ya kivita aina ya B-2 kwa dola bilioni 2. Tarakimu hiyo ipo kweli, ila husomwa vibaya.

Mpango wa awali ulikuwa ndege 132. Vita Baridi vilipokwisha, Rais George H. W. Bush alitangaza mwaka 1992 kwamba ziishie 20. Baadaye ndege moja ya majaribio ikakarabatiwa, zikawa 21. Lakini fedha nyingi za utafiti, usanifu na majaribio zilishatumika, na hazirudi kwa sababu tu idadi ya ndege imepunguzwa. Kwa thamani ya dola ya 1997, wastani wa kutengeneza ndege moja ulikuwa takriban milioni 737. Ile bilioni 2, au kwa usahihi zaidi 2.1, hupatikana kwa kugawanya gharama ya mradi mzima, utafiti ukiwemo, kwa ndege 21.

Milioni 737 si bei ya kujivunia, nakiri. Ila ukisikia bei ya ndege yoyote mpya, uliza kwanza: imegawanywa kwa ndege ngapi, na utafiti umo au haumo?