Mgonjwa wa Muda Mrefu Akisema "Nimeelewa"

Mzee aliingia chumbani ameshika viatu mkononi kwa sababu havikumtosha tena. Miguu ilikuwa imevimba kuanzia vifundoni, presha ilikuwa imeshuka kupita kiasi, na yeye mwenyewe alikuwa na hakika hajakosa dozi hata siku moja. Ni kweli, hakukosa. Nikamwomba: "Mzee wangu, hebu toa dawa zako zote, unionyeshe jana ulimeza zipi." Akafungua mfuko, akatoa kidonge kimoja kwenye pakiti ya bluu na kimoja kwenye pakiti nyeupe, akavipanga mezani kimoja kando ya kingine. Majina makubwa juu ya pakiti hizo yalikuwa tofauti. Chini yake, kwa herufi ndogo, zote mbili ziliandikwa amlodipini, dawa ya kushusha presha, miligramu 10. Pakiti nyeupe alipewa badala ya ile ya bluu; yeye akaelewa ameongezewa dawa. Kwa wiki sita alikuwa akimeza mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida kwa siku, na kuvimba miguu ni moja ya madhara ya dawa hiyo inapozidi.

Kwenye daftari lake la kliniki palikuwa pameandikwa: "Ameelekezwa, ameelewa."

Neno hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike makala hii. Kazi yangu ni kuelimisha wagonjwa wa kisukari, presha, pumu, moyo na figo, na nimejifunza kwamba elimu ya afya na uelewa wa afya ni vitu viwili. Elimu ni kile tunachotoa sisi. Uelewa ni uwezo wa mtu kuipata taarifa, kuifahamu, kuipima kama ni ya kweli, kisha kuitumia anapofanya uamuzi akiwa peke yake. Mwaka 2000 mtaalamu Don Nutbeam aliugawa uwezo huo katika ngazi tatu: kusoma na kufuata maelekezo, kujadiliana na wahudumu na kuyafanyia kazi yale mtu aliyojifunza, na ya juu kabisa, kuchambua taarifa na kuwa na usemi juu ya mambo yanayogusa afya yake. Sehemu kubwa ya mafunzo tunayotoa kliniki huishia ngazi ya kwanza, na hata hapo hatuhakiki kama tumefika.

Kwa mwenye malaria au jipu, pengo hilo linaweza kuzibwa na siku chache za matibabu ya karibu. Kwa mwenye ugonjwa wa muda mrefu haliwezekani hilo. Mwaka una saa 8,760. Anayekuja kliniki kila baada ya miezi 3 na kukaa na daktari dakika 15 anapata saa 1 ya daktari kwa mwaka mzima. Saa zote zilizobaki, mtabibu wake ni yeye mwenyewe: yeye ndiye anayepima, anayemeza, anayeamua kama kizunguzungu hiki ni cha kusubiri au cha kukimbilia hospitali. Shirika la Afya Duniani liliripoti mwaka 2003 kwamba katika nchi tajiri, wastani wa wagonjwa wa muda mrefu wanaofuata matibabu kama walivyoagizwa ni nusu tu. Si haki kuwaita wote hao wakaidi.

Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2006 nchini Marekani ambao naurudia kila ninapofundisha wauguzi wapya. Wagonjwa 395 walipewa lebo za dawa wazisome. Lebo mojawapo ilisema: meza vidonge viwili mara mbili kwa siku. Miongoni mwa wale waliokuwa na uwezo mdogo wa kusoma, karibu 71 katika kila 100 waliisoma sawasawa. Walipoombwa kuhesabu vidonge vya siku nzima na kuviweka mezani, waliopatia walikuwa karibu 35 tu. Mdomo ulisema sawa, mkono ukaweka viwili badala ya vinne.

Nasi tuna mitego yetu ndani ya Kiswahili chenyewe. Neno "presha" linabeba maana mbili, shinikizo la damu na wasiwasi. "Usinipe presha," tunaambiana kila siku. Nimekutana na wengi wanaomeza dawa siku waliyogombana na mtu au kupokea habari mbaya, na kuiacha siku nyumba ikiwa imetulia. Wamefuata jina la ugonjwa lilivyowaelekeza. Hakuna aliyewakalisha akawaambia kwamba shinikizo la damu linaweza kukaa miaka bila dalili yoyote huku likiumiza moyo, figo, macho na mishipa ya ubongo. Chukua pia agizo la "kila saa 8". Mfamasia anakusudia dozi tatu zinazopishana kwa saa nane. Mgonjwa anasikia saa nane mchana, mara moja kwa siku. "Kutwa mara tatu" nako: kutwa ni tangu kuche hadi kuchwe, kwa hiyo dozi zote tatu zinabanwa mchana na usiku unabaki mtupu. Alama ya 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, nimewahi kuisikia ikisomwa kuwa ni kidonge kimoja kila siku ya tatu. Na mtu akiambiwa majibu yake ni "hasi" anaweza kurudi nyumbani analia, kumbe ugonjwa haukuonekana. Mimi huandika kwenye bahasha saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, kisha nachora jua na mwezi. Inachukua nusu dakika.

Dawa ya tatizo hili ni kuacha kuuliza "umeelewa?" Mtu mzima aliyeketi mbele ya mtu mwenye koti jeupe, foleni ikiwa ndefu nyuma yake, atajibu ndiyo. Badala yake namwambia: "Mama, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, mwanao akikuuliza dawa hii inatumikaje, utamwambiaje?" Hapo anayepimwa ni mimi. Akikosea, nimeeleza vibaya, narudia kwa maneno mengine, kisha namwomba tena aniambie. Kwa dawa ya pumu ya kuvuta maneno hayatoshi kabisa. Namwomba aivute mbele yangu. Atikise kopo, atoe pumzi, abonyeze huku akianza kuvuta taratibu, kisha abane pumzi kwa sekunde 10 hivi. Wengi waliovuta kwa miaka hubonyeza kwanza na kuvuta baadaye, dawa ikaishia ulimini.

Jambo jingine ni kutoa sababu pamoja na agizo. Wapo wenye kisukari wanaojinyima siku mbili kabla ya kliniki ili sukari isome vizuri, kisha kipimo cha wastani wa miezi 3 kinawaumbua. Ukimweleza mtu kwamba sukari hujishika kwenye chembe nyekundu za damu, na kwamba chembe hizo huishi takriban siku 120, anaelewa mwenyewe kwa nini siku mbili hazifuti miezi mitatu. Hajinyimi tena, na hatari ya sukari kushuka ghafla inapungua.

Namba nazo zisitolewe bila kitendo chake. Mwenye moyo dhaifu ajue kwamba kuongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 ni maji yanayojikusanya, na awasiliane na kliniki siku hiyo hiyo. Anayetumia insulini ajue kwamba sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita (miligramu 70 kwa desilita) anahitaji gramu 15 za sukari inayoingia haraka, asubiri dakika 15, apime tena. Mwenye presha au figo aulize kabla ya kununua diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo, maana hupandisha presha na kuumiza figo.

Kwa wewe unayeishi na ugonjwa: usitoke chumbani kabla hujajibiwa mambo matatu, tatizo langu kuu ni lipi, nifanye nini, na kwa nini kufanya hivyo kuna umuhimu kwangu. Nenda na dawa zako zote, pamoja na za mitishamba. Ukiona shaka, usipunguze wala kuacha dawa kwa uamuzi wako, uliza kwanza. Mwombe ndugu akusindikize, sikio la pili hushika yale la kwanza lililoyakosa.

Yule mzee tulimwachia pakiti moja. Baada ya wiki tatu alirudi amevaa viatu. Nilipompa dawa za mwezi uliofuata, pakiti ilikuwa ya kijani. Akaigeuza, akasogeza kidole chini ya herufi ndogo, akasoma polepole, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hii na ile ya nyumbani ni dawa moja au ni mbili?"